Ukoo Ndani ya Disketi

Foleni ya basi la Kawangware pale Kibera haikuwa ikisonga, kwa hivyo nilisikia yote. Kijana Murjan alimwonyesha disketi Mama Mabrouka, Mnubi mwenzake asiyemjua.

"Nimetengeneza programu ya ukoo, mama. Imesema mimi na Hanan hatuna undugu. Naipeleka kwa babake aone tunaweza kuoana."

"Na undugu wa maziwa? Mkinyonyeshwa na mama mmoja hamwoani, ati! Ilikuuliza nani alikunyonyesha?"

"Aa-aa. Iliuliza nani alinizaa."

"Wacha! Kwani hiyo mashine yako ilikosa majirani wa kuiambia nani alinyonya kwa nani?"

Basi lilipofika, kijana alitoka kwenye foleni mbio kurudi kwa mamake kuuliza, na sisi tukapanda bila kujua kama kuna harusi.