Ndevu za Bibi Dominika

Bibi yetu mpendwa, Dominika Nikolao Chilumba, alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 Kitangari, wilayani Newala, binti wa Mzee Nikolao na Bibi Dorika. Alisoma hapo hapo Kitangari hadi darasa la nne, akajua kusoma, kuandika na kuwatania walimu.

Alipovunja ungo, ndevu nazo zikaanza kuota kidevuni. Unyagoni kungwi wake, Bibi Stamili, alimpa majivu, akamfundisha kuzing'oa kila alfajiri kabla ya kwenda kuteka maji. "Mwenye ndevu haolewi, mwanangu," alimwambia. Bibi aliamini, akawa anang'oa huku machozi yakimtoka.

Tarehe 7 Oktoba 1972 alifunga ndoa na Erasto Nandonde wa Chiwata. Wiki ya pili tu, babu alimfuma nyuma ya jiko, majivu kidevuni. Bibi alijua ndoa imekwisha. Babu, ambaye alizeeka na kidevu laini kama cha mtoto, alicheka sana. "Mke wangu, mimi zimenigomea. Nawe ukizing'oa, nyumba hii si itakosa ndevu kabisa?" Tangu siku hiyo majivu yalirudi kwenye kazi yake ya kusugulia sufuria.

Walilima korosho na mihogo. Mwaka 1994 bibi aligombea uenyekiti wa kitongoji, na bwana mmoja akasema kiti hicho ni cha wenye ndevu. Bibi akasogea mbele. "Haya baba, njoo tupimane." Alishinda, na yule bwana alimpigia kura.

Babu alimtangulia mwaka 2011. Bibi alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2021. Alipozidiwa alituita, akatuambia, "Msije mkaninyoa. Erasto hatanijua." Alifariki nyumbani Chiwata tarehe 9 Juni 2024.

Jana waliokuja kumpamba walileta poda, wigi na wembe. Nia yao ilikuwa njema, walitaka apendeze. Binti yake, Mama Emmanuel, aliupokea wembe kwa heshima, akaufungia kwenye pindo la kanga. "Ahsanteni mama zangu. Huyu amependeza tayari." Mtakapopita kumuaga mtaziona, zimechanwa vizuri.

Ameacha watoto watatu, Reginald, Yuliana ambaye ndiye Mama Emmanuel, na Arthur, pamoja na wajukuu tisa. Mjukuu anayewasomea haya, Upendo, amekuwa akijing'oa kidevuni kwa siri tangu kidato cha pili. Leo asubuhi hakung'oa.

Apumzike kwa amani, yeye na ndevu zake.