Vitone vya Ukutani

Hadi leo sijaelewa ilikuwaje ukuta ambao hatukuwahi kuutazama ukatugombanisha asubuhi nzima. Ni ukuta wa shule, mkabala na benchi letu la kahawa. Mwalimu, ambaye sasa amestaafu na hunywa kahawa nasi benchini, aliuchora ujanani: molekuli ya maji, na vitone viwiliviwili kati ya atomu. Mkemia mmoja wa zamani ndiye aliyesema kwamba atomu hushikana kwa kuchangia elektroni. Mchoro huo ndio kitu pekee cha Mwalimu kilichobaki shuleni. Siku hiyo Ticha, mwanafunzi wake aliyerithi darasa lake, alikuja na kopo la rangi na brashi, akatuamkia, akasema anataka ufutwe achore wingu la elektroni.

— Vitone vina kosa gani? akauliza Kinyozi, mwenzetu wa benchi.

— Wanafunzi wanadhani elektroni zimetulia pale kama punje za mahindi. Hazitulii.

— Mimi na mwenzangu tunachangia mashine moja ya kunyolea. Hakuna anayeweza kumwacha mwenzake. Hiyo ndiyo kemia.

— Basi maji yakichemka ni talaka, akasema Fundi Saa.

— Hapana, akasema Mwalimu. Molekuli zinatengana moja na nyingine. Kifungo cha ndani hakivunjiki.

— Na kipara chako, Kinyozi? Vitone viliisha? akauliza Fundi Saa.

— Niliwachangia wateja.

Mwalimu hakucheka. Akamgeukia Ticha.

— Si ulifaulu kwa vitone hivyohivyo?

— Nilifaulu, Mwalimu. Mpaka leo ninahesabia hivyo. Lakini chuoni tuliulizwa kwa nini oksijeni ikipozwa hadi iwe kimiminika huvutwa na sumaku. Nikachora vitone, nikakwama. Wingu lina jibu.

Mama mmoja aliyekuwa amesimama kununua kahawa akauliza:

— Na hilo wingu nalo litafutwa lini?

Ticha akaliweka kopo chini.

— Sijui, mama, akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: Mwalimu, hukuwahi kuturuhusu tukufutie ubao. Ulisema aliyeandika ndiye afute. Ukikataa, naondoka na kopo langu.

Mwalimu akainuka, akavuka hadi ukutani.

— Ufutwe, akasema.

Akakunja mikono ya shati, akachukua brashi, akaupaka mwenyewe, akianza na vitone.