Sura ya Arobaini ya Mzee Futa

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1941, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Alikuwa mtoto wa maswali. Dada yake, ambaye yupo nasi hapa, anasema wakubwa walikuwa wakimwona anakuja wanajifanya wamelala.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1949 hadi 1956, akamaliza sekondari mwaka 1960, kisha akasomea theolojia kwa miaka minne. Huko chuoni, akiwa kijana wa miaka ishirini tu, wenzake walimbandika jina la Mzee Futa, kwa kuwa kila alichoandika asubuhi alikifuta jioni. Jina hilo halikumtoka tena.

Alifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1966 na muuguzi mcheshi, wakajaliwa watoto watatu. Mama alizoea kuwaambia wageni kwamba ameolewa mitala, na mke mwenzake ni wa karatasi.

Alihubiri na kufundisha hadi alipostaafu mwaka 2001. Kazi ya moyo wake, aliyoianza mwaka 1979, ilikuwa kitabu cha kufafanua aya arobaini za faraja, kila aya na sura yake. Alijiwekea sharti gumu: sura haiendi kokote mpaka aihubiri kwanza kwenye maziko, na wafiwa wafarijike kweli. Hakimu alikuwa binti yake wa kwanza, aliyempigia taipu tangu akiwa sekondari. Aliketi nyuma akitazama nyuso, na wakirudi nyumbani aliulizwa.

"Haya, sema. Imepita?"

"Haijapita, baba. Mjane alikuwa anaangalia viatu vyako tu."

"Basi kesho tunaanza upya."

"Tunaanza? Wewe na nani?"

Wote wawili walicheka, na kesho yake wakaanza upya.

Mama alifariki tarehe 19 Agosti 2012. Marehemu alihubiri mwenyewe, akitumia sura ya kwanza, iliyokuwa imepita zaidi ya miaka thelathini kabla. Njiani akauliza swali lake lile lile. Binti alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, akajibu, "Haijapita, baba. Na zile nyingine zote hazijapita." Mzee hakubisha. Nyumbani alilitoa sanduku lenye sura thelathini na tisa zilizokwisha kupita, akaanza upya na ya kwanza.

Ilichukua karibu miaka kumi na miwili. Binti alichapa kila ukurasa upya, akitoka kazini moja kwa moja hadi kwenye meza ile, mgongo ukimuuma na macho yakimwasha. Aliuma meno. Mara nyingi alijilaumu kwa neno lile la njiani, maana aliona ndilo lililomtwisha baba yake mzigo uzeeni, naye mwenyewe pamoja naye.

Moyo ulianza kumsumbua marehemu mwaka 2022. Februari mwaka huu sura ya thelathini na tisa ilipita. Ya arobaini aliiandika kwa mkono, akiwa kitandani, akaifunga kwenye bahasha.

"Hii tutaijaribu kwenye maziko yangu," alisema.

"Baba, nimechoka."

"Najua, mama. Najua sana."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, binti yake akimwekea mto vizuri.

Bahasha imefunguliwa leo asubuhi. Sura ya arobaini haikujaza hata ukurasa, nayo ni hii: "Binti yangu alisema kweli siku tuliyomzika mama yake. Nilikuwa nafafanua tu. Baada ya hapo alikaa nami mezani miaka yote hii, amechoka na hakuondoka, na faraja niliyoipata ni hiyo. Sina la kuongeza. Kitabu kimekwisha. Asichape tena."

Marehemu ameacha dada mmoja, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na binti yake wa kwanza. Kwa kuwa leo hatakuwepo njiani kuuliza, ajibiwe hapa hapa, mbele ya wote: imepita, baba. Pumzika kwa amani.