Polepole ya Mzee Mvuke

Wasikilizaji wapendwa, mnaonisikiliza mkiwa jikoni, kazini, au mmekaa tu kwa sababu miguu imegoma, nawasalimu. Leo namkumbuka mpishi. Jina alilopewa sokoni ni Mzee Mvuke. Ametutoka Jumanne ya wiki iliyopita, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Mzee Mvuke, mpishi wa supu ya tambi ndani ya soko la vyakula, ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Niseme ukweli mapema. Nimechoka. Kipindi hiki nimekiendesha miaka sita sasa, na neno "poleni" nimelitamka mpaka limeisha ladha mdomoni. Kuna siku nalisema huku jicho liko kwenye saa ya ukutani. Leo neno hilo lina kesi na mimi. Mtanivumilia, kwa sababu habari ya Mzee Mvuke siwezi kuisimulia bila kujitaja.

Kwanza, mgahawa wenyewe. Mgahawa huo hauna mlango wake. Unaingia sokoni kwa upande wa nyanya, unapita vitunguu, unakata kushoto kwenye magunia ya mchele, unapita friza za samaki zinazonguruma mchana kutwa. Hapo nyuma ya friza kuna meza sita na viti vya plastiki, na sakafu isiyokauka. Watu wanakula huku vikapu vyao vya manunuzi viko chini ya meza, vitunguu vinabingirika kati ya miguu. Juu ya kaunta kuna ubao mweusi uliogawanywa katikati kwa mstari wa chaki. Upande wa kushoto ni vyakula vya Vietnam. Upande wa kulia ni vyakula vya Thailand.

Wengi tulidhani ni ujanja wa biashara. Kumbe ni ndoa.

Mzee Mvuke alitoka Vietnam. Mkewe, tunayemwita Mama Ndimu kwa sababu hakuna sahani inayomponyoka bila kukamuliwa ndimu, alitoka Thailand. Walikutana ujanani kwenye kambi ya kampuni iliyokuwa ikijenga daraja. Kila mmoja aliletwa kuwapikia mafundi wa kwao. Bosi akawapa jiko moja. Mume hajui Kithai, mke hajui Kivietinamu. Wakabaki na Kiswahili cha mtunza stoo na wapakua mizigo, walichokiokota kipande kipande. Kwa Kiswahili hicho waligombea jiko, kwa hicho wakapendana, na kwa hicho wakamlea binti yao mmoja. Daraja likaisha, kampuni ikaondoka. Wao wakabaki.

Binti yao sasa ni mwalimu wa hisabati. Aliniambia hivi: "Wenzangu shuleni walikuwa na lugha ya nyumbani na lugha ya shule. Sisi nyumbani tulikuwa na Kiswahili kibovu, basi. Baba na mama hawakuwa na kingine cha kuongea."

Lishikeni hilo, wasikilizaji. Hawakuwa na kingine.

Mara ya kwanza nilifika pale na marehemu mke wangu. Tulikwenda kununua nyanya na mchele. Yeye miguu ilikuwa inamuuma, akaona kiti, akakaa. Mimi nilitaka twende nyumbani. Mzee akatokea na miwani imejaa mvuke, haoni hata meza iko wapi, akaipangusa kwa shati, ikajaa tena. Mke wangu akamuuliza, "Mzee, hii harufu ni ya nini?"

"Mchuzi wa samaki," akasema. "Samaki wa mwaka jana."

Mke wangu alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo kila Alhamisi tulikula pale.

Supu yake ilianza alfajiri. Mifupa ya ng'ombe, tangawizi na vitunguu alivyovichoma kwanza motoni mpaka vikawa vyeusi, mdalasini, karafuu. Halafu anasimama na upawa anaengua povu. Kwa saa nyingi. Huwezi kuliacha povu, alisema, likizama supu inachafuka na hairudi. Alisimama hivyo miaka thelathini na mbili. Miguu yake aliizungushia bandeji kuanzia kwenye kifundo hadi chini ya goti, na wakati wa kupumzika alikaa kwenye kreti la soda lililogeuzwa, dakika tano, halafu anainuka kwa kushika ukingo wa meza. Nilimwona akiinuka hivyo mara nyingi sana. Sikuwahi kumpa mkono, nilikuwa nakula.

Ukiagiza chakula cha upande wa kulia wa ubao, anakutazama kama umemsaliti. Ukiagiza cha kushoto, Mama Ndimu anapaza sauti kutoka nyuma: "Mpe huyo maji yake ya kuoshea mifupa." Mzee naye hakosi jibu: "Mchuzi wako, Mama, unachoma mpaka soksi." Waliishi hivyo. Ukiwaona unadhani kesho wanaachana, lakini mmoja akipiga chafya mwenzake anazima jiko kuja kumtazama.

Akikuwekea bakuli mbele yako, Mzee Mvuke alisema neno moja. Polepole. Yaani supu ni ya moto, usijiunguze.

Neno hilohilo alilitumia mahali pengine pia. Hapo ndipo penye kisa.

Miaka tisa iliyopita muuza nyama wa pale sokoni alifiwa na mama yake. Aliporudi kazini, Mzee alitoka jikoni, akapita friza zote na aproni yake, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Polepole." Ninyi mnaelewa ilivyokuwa. Pole ni pole, akairudia mara mbili kwa ajili ya huzuni kubwa, ikatoka polepole. Muuza nyama alinisimulia mwenyewe. Alisema, "Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Nililia mbele ya wateja, kisu mkononi." Alinisimulia kama kitu kizuri kilichompata.

Wakati huo mimi sikuwa kwenye kipindi hiki. Nilikuwa nikiendesha kipindi cha asubuhi cha kuchekesha, na mdomo wangu haukuwa na breki. Kesho yake nikakaa mbele ya maikrofoni, hii hii, nikasema: "Jamani, kule sokoni kuna mpishi, ukifiwa anakwambia polepole, kana kwamba unakimbilia makaburini." Nikaigiza na sauti yake. Nikatia chumvi, nikamwongezea na makosa mengine ambayo hakuyasema kamwe. Fundi mitambo wetu aliinamia meza kwa kucheka. Simu zilipigwa asubuhi nzima.

Kufikia mchana sokoni kote ilikuwa "Mzee, polepole! Mzee, polepole!" Wachukuzi, wauza viazi, hata wateja ambao hawajawahi kula kwake. Hawakuwa na ubaya nadhani. Walikuwa wamepata cha kuchekea.

Alhamisi yake nilikwenda kula kama kawaida, nimejifanya hamnazo. Mzee akaleta bakuli. Akaliweka. Akaondoka. Hakusema kitu. Mke wangu akanitazama, naye siku hiyo hakugusa chakula. Ndani ya gari aliniambia, "Kamwombe radhi." Nikamwambia nitakwenda. Nilisema nitakwenda, na Alhamisi nyingine nikala, na nyingine nikala. Aibu ikishakaa muda mrefu inazoeleka, unaiona kama kiti cha nyumbani.

Kuanzia siku ile, Mzee Mvuke hakusema tena polepole. Si mezani, si msibani. Narudia, kwa sababu ndiyo habari yenyewe: kwa miaka tisa, mpaka anakufa, hakuna aliyemsikia akilisema.

Miaka saba iliyopita mke wangu alifariki. Nyumba ilijaa watu. Siku ya pili, Mzee Mvuke akaja na miguu yake ile, amebeba chupa kubwa ya chai, ndani ameweka supu. Mama Ndimu nyuma yake na kifuko cha ndimu. Mzee akanishika mkono kwa mikono miwili. Nikangoja. Nilijua kabisa ninachokingoja.

Akasema, "Pole."

Moja. Sahihi kabisa, mwalimu wa Kiswahili angempa alama zote. Nikaendelea kumshika mkono nikingoja ya pili, na ya pili haikuja. Wasikilizaji wapendwa, siku hiyo nilipewa pole na watu wasiohesabika na nimewasahau karibu wote, ila hiyo moja iliyokosa mwenzake. Mwaka uliofuata niliomba kuhamishwa, nikaletwa kwenye kipindi hiki cha kumbukumbu. Wakubwa zangu walidhani ni kwa sababu ya msiba. Ilikuwa hivyo, na haikuwa hiyo tu.

Jumanne ya wiki iliyopita, wateja wa mchana walipopungua, Mzee alikaa kwenye kreti lake kumenya tangawizi. Mama Ndimu alikuwa anaosha mabakuli. Alinieleza hivi, nami sibadilishi neno: "Mimi naona kichwa yake iko chini. Nasema, leo amelala. Miaka yote hii hakuna kulala mchana. Nasema, mwache apumzike. Mimi nazima moto ya supu, ili asiamke kwa sababu ya povu." Akaendelea kuosha mabakuli taratibu, yasigongane. Alipomaliza yote ndipo akaenda kumgusa. Daktari alisema ni moyo.

Jumamosi, baada ya mazishi, nilikwenda pale kukusanya habari za kipindi hiki. Mama Ndimu alikuwa amefungua. Watu wanamlaumu kwa hilo. Mimi nilimwona, hakuwa na kwingine kwa kwenda. Alikuwa akipika upande wa kulia tu. Upande wa kushoto maandishi ya chaki yapo vilevile, kwa mkono wa Mzee, na mteja akiagiza supu Mama anamjibu, "Leo imekwisha."

Nilikaa. Nikawaambia, yeye na binti yake, kwamba ni mimi niliyefanya mzaha ule redioni. Maneno yalinitoka kwa shida, na kazi yangu ni maneno.

Mama Ndimu aliendelea kukata ndimu. "Bwana Redio," akasema, "sisi tunajua. Redio iko juu ya friji kila siku. Sauti yako sisi tunajua kama kengele ya soko."

"Sasa mbona mliendelea kunipikia?"

"Ulikuwa na njaa."

Nikasema kwamba kosa lilikuwa dogo, mtu yeyote anayejifunza lugha angekosea vile, na mimi sikuwa na haki ya kumcheka. Hapo binti akanikatiza.

"Halikuwa kosa," akasema. "Nilimsahihisha mwenyewe nikiwa darasa la tatu. Nilimwambia, baba, polepole ni taratibu, ukifiwa unaambiwa pole. Akaniambia anajua. Akasema, mtu akijikwaa kidole namwambia pole. Aliyefiwa naye nimpe ileile moja, kama aliyejikwaa? Akasema na tena, aliyefiwa aende taratibu, huko mbele ni moto kama supu. Akakataa katakata kubadilisha."

Alijua, wasikilizaji. Alilitengeneza mwenyewe, kutokana na lugha aliyoiokota stoo, nasi wenye lugha hatukuwa tumelifikiria. Nami nikamnyang'anya kwa sababu ya kicheko cha asubuhi moja.

Nikamuuliza Mama Ndimu anataka niseme nini kuhusu mumewe. Akasimamisha kisu. "Mimi nikiongea Kiswahili, watu wanacheka," akasema. "Yeye hacheki. Sasa nigombane na nani?" Kisha akaniletea sahani ya tambi za kukaanga ambazo sikuagiza, akanikamulia ndimu, akarudi jikoni. Cha upande wa kulia ni chakula kizuri sana. Nimekula pale miaka mingi na sikuwahi kukijua.

Wasikilizaji wapendwa, dakika zangu zinakwisha na fundi mitambo ananionyesha kwa kidole saa ya ukutani. Marehemu Mzee Mvuke ameacha mke mmoja, binti mmoja, wajukuu wawili, na sufuria ambayo hakuna anayethubutu kuiosha. Naomba kila mmoja wenu atafakari kitu kimoja. Kama kuna mtu ulimcheka mpaka akaacha kusema alivyozoea kusema, na mtu huyo bado anapumua, mfuate leo. Usisubiri Alhamisi. Mimi nilikuwa na Alhamisi zaidi ya mia nne.

Kwa muuza nyama, kwa wachukuzi na watu wote wa sokoni, poleni. Kwa binti, mwalimu wetu, pole.

Mama Ndimu, najua redio iko juu ya friji, na najua umeifungua. Tafadhali usiizime. Nililisema neno hili kwenye maikrofoni hii miaka tisa iliyopita, kwa sauti isiyokuwa yangu, nikicheka. Leo nalisema kwa sauti yangu, kama lilivyo, kama mwenyewe alivyolitengeneza.

Mama, polepole.