Mfupa wa Panda wa Cephus

Verlene, uache huo mlango wa jikoni wazi nipate kuyasikia mafuta, kisha njooni mkae hapa kitandani nyote watatu, na wewe Lonzo acha kuzungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Kaa! Macho yangu yameshaniaga, kwa hiyo msinitikisie vichwa; atakayeulizwa ajibu kwa mdomo. Nina maneno ya kuwaachia wanangu kabla Bwana Haskell hajafika kula, na pumzi niliyobakiza si ya kuchezea.

Naanza na kuku, maana najua mkishanizika mtakimbilia waliokatwa dukani. Kuku alale usiku kucha kwenye maziwa mgando na chumvi, unga utiwe pilipili manga ya kumpigisha mchungaji chafya, umwagwe kwenye mfuko wa karatasi, vipande viingie humo na mfuko utikiswe, halafu vipumzike kabla ya kukutana na mafuta, kwa sababu mwenye haraka huacha ganda lote kwenye kikaango na kuku wake akatoka uchi. Kikaango cha chuma kisiguswe na sabuni. Verlene, wewe na sabuni yako nawajua. Mboga za sukuma zichemke na mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi mpaka zilegee kabisa, mkate wa mahindi usitiwe sukari, ule si keki, sukari yote vipewe viazi vitamu. Na kuku mumkate wenyewe, kwa kisu cha nyumbani, kwa sababu wale wa dukani hupasua kidari katikati na mfupa wa panda unapotelea humo humo.

Mfupa ule wa kidarini, wenye panda kama manati, kila kuku anao mmoja tu, na nyama yake ndiyo laini kupita zote, na katika nyumba hii ni wa mtoto wa kwanza. Cephus, umeula tangu ulipoota meno. Lonzo alipougua surua akaulilia, wewe uliunyakua ukakimbilia banda la pamba, ukautafuna peke yako, ukarudi midomo inang'aa, ukamwambia mgonjwa wa watu, "Omba uzaliwe tena, safari hii uwahi!" Nilikuchapa huku nacheka. Hata siku ile mkeo Earline alipoingia nyumbani humu bibi harusi, akanyoosha mkono kuuchukua, meza nzima ilimpigia kelele, "Weee! Huo hauguswi!" Na wewe mume mtu hukumwachia.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jumapili iliyopita Bwana Haskell alikuja, eti kutazama misonobari yetu kama imefikia kukatwa. Nikamkaribisha mezani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuvuka kizingiti hiki akanyimwa sahani, hata tusiopendana naye. Akala, akasifu, akafuta vidole kimoja kimoja, akaanza kuuliza tuko ndugu wangapi, nani alihamia Chicago, nani alikufa bila mtoto. Jamani, mtu aliyekuja kutazama miti anataka nini kwa marehemu wetu? Hapo nilikuwa bado naona kidogo. Nikauona mkono wako, Cephus, ukiokota mfupa wa panda kwenye sinia, ukaipita sahani yako na kuuweka kwenye sahani yake. Ukamwambia, "Kula huo, Bwana, ndio mtamu." Uma ukaniponyoka. Verlene akasema, "Mama amechoka, tumpeleke akalale." Sikuchoka, mwanangu. Niliogopa.

Babu yangu Elihu aliinunua ardhi hii kwa pamba aliyoichuma mpaka vidole vikapinda, akafa bila kuandikisha urithi, kwa sababu siku zile karatasi ya mtu mweusi iliingia mahakamani na jina lake ikatoka na jina la mwingine. Basi ardhi ikabaki yetu sote kwa pamoja, hakuna anayeweza kusimama akasema hapa ndipo pangu. Mnadhani hiyo ni kinga, kumbe ndio mlango wenyewe. Atakayenunua fungu la mmoja wetu, hata liwe dogo namna gani, anakuwa mwenzetu, na mwenzetu anaweza kwenda kwa jaji akaomba ardhi yote ipigwe mnada apate chake. Mnamkumbuka Hosea Mabry, ng'ambo ya kijito? Mpwa wake alitia sahihi huko Detroit, mpwa ambaye hajalala hata usiku mmoja kwenye ile nyumba. Hosea akaamka asubuhi akakuta wageni wanaipima bustani yake ya kunde. Leo makaburi ya wazazi wake yako ndani ya seng'enge ya watu, na akitaka kuyafagia anavua kofia na kumbembeleza mlinzi.

Cephus. Umetia sahihi? Kwa mdomo, nimesema.

Bado, unasema. Haya. Anakuja nayo hiyo karatasi leo, utatia sahihi mkishakula. Nilijua. Lonzo, rudi ukae, ngumi zako hazitaiokoa ardhi! Cephus, najua karakana yako inakufa na aibu imekukaba, ungekuja kwangu tukalia pamoja, kuliko kumwambia mtu yule siri zetu. Sikulaani. Inaniuma tu, inaniuma sana. Verlene, usilie, mafuta yamebadilisha sauti, nenda ukageuze vipande.

Nipeni maji.

Nizikeni kule juu kilimani, ubavuni mwa mama yangu, kama mtaweza kufika bila kuomba ruhusa ya mtu. Kikaango ni chake Verlene. Lonzo, bunduki ya babu yako ibaki juu ya mlango, isiteremshwe kwa ajili ya ndugu yako, unanisikia? Mungu aliyenilisha kwenye ardhi hii tangu sina jino mpaka nimerudi kukosa meno, awalishe na nyinyi hapa hapa. Awape usingizi. Watoto wenu wagombee mapaja ya kuku kwenye meza hii hii, wapigane, wapatane... wasahau hata walichogombania.

Gari hilo. Nasikia kokoto.

Verlene, haraka, utoe mfupa wa panda, ungali wa moto, mpe kaka yako mkononi. Usiuweke mezani. Mkononi. Cephus, sogea karibu na sikio langu... hapo. Sina nguvu ya kukushika mkono usiikamate kalamu, na nikishakufa sitakuwepo kukuuliza. Ninachotaka ni kimoja. Uule wewe, kama zamani, kabla hajakaa. Nikilisikia ganda linavunjika, nitajua ardhi imebaki, nami nitalala.

Anapanda ngazi. Viatu vile vile vya Jumapili.

Verlene... mfungulie mgeni, mwambie karibu. Lonzo, mvutie kiti.

Karibu, Bwana Haskell. Sikuoni, lakini karibu.

Cephus, mwanangu... tafuna, baba. Tafuna. Siyasikii meno yako.