Mifuniko Kumi na Minne ya Zakaria Bwire

Mchungaji, jirani zetu wa Makongeni, na nyinyi mliotoka Buruburu na Donholm, mimi ni Khalayi, dada mkubwa wa marehemu, nyanya wa hawa watoto waliobanana kwenye mkeka, na kabla sijaanza nataka mjue kwamba sikuiomba kazi hii, nilifika darasa la pili tu, jicho langu moja lina ukungu, na karatasi hii imenila siku tatu. Anayesoma historia za marehemu katika ukoo wetu siku zote ni Patrobas, mwana wa kwanza wa marehemu, mwenye suti na sauti nzuri, lakini kiti chake mnakiona ni kitupu, na ile sauti ya sepetu inayokwaruza nyuma ya nyumba, inayowageuza shingo tangu ombi la kufungua, ni yeye. Msiende kuchungulia, tutamfikia.

Marehemu Zakaria Bwire Kweyu alizaliwa tarehe 12 Machi 1931, karibu na Nambale, Busia, na mimi niliyembeba mgongoni nashuhudia kwamba alikuwa mtoto mzito, asiyelia ovyo, aliyependa kukaa kwenye tope na kulipanga mistari. Aliingia shule ya misheni Januari 1940, akatoka Novemba 1945 na darasa lake la nne, akachunga ng'ombe wa baba hadi tarehe 4 Februari 1952 alipofika Nairobi na kuandikwa kibarua wa kubeba matofali kwenye nyumba za reli, chini ya fundi mkuu, Mistri Harnam, Kalasinga mwenye kilemba na ndevu hadi kifuani, ambaye kwa miaka miwili alimwita punda wa Busia, kisha siku moja akamkabidhi timazi na asimwite hivyo tena.

Hapa sina budi kumweleza Mistri, kwa sababu ndugu yangu hakuwa na chuo kingine. Babu wa babu yake Mistri alikuwa kibarua wa reli huko kwao India, na alipokuwa akilaza njia waliamriwa wachimbe kilima wapate matofali ya kuvunja yawe kokoto, wakachimba, kumbe wanachimba mji, Harapa, mji uliokuwepo miaka elfu mbili na zaidi kabla ya Bwana Yesu kuzaliwa. Mistri alisema mji ule na wenzake ilikuwa na tofali la kipimo kimoja, unene mmoja, upana mara mbili, urefu mara nne, na mawe ya mizani ya uzito mmoja kila soko, mtu wa kijijini akileta nafaka na pamba yake hapunjwi, na mafundi wa shanga walikaa na wenzao, wa vyungu na wenzao, na shanga moja ndefu ya jiwe jekundu ilitobolewa kwa siku nyingi na mtu asiyeinua kichwa. Kila nyumba ilikuwa na mahali pa kuoga, maji yakiteremka kwenye mtaro wa barabarani, na mtaro umefunikwa kwa matofali yanayoweza kunyanyuliwa, tope litolewe, yarudishwe. Ndugu yangu alinisimulia haya mara nyingi hadi nikamwambia, "Bwire, hao watu wako walikufa wote, acha nile."

Lakini kulikuwa na sehemu moja aliyoisema kwa sauti ya chini. Mistri alimwambia kwamba wanaochimba miji ile wanapoanza juu, katika tabaka la mwisho kabla watu hawajahama, wanakuta nyumba zimepinda, matofali yamebanduliwa kwenye kazi za wazee na kuchomekwa kwingine, na mitaro imejaa tope bila mtu wa kuisafisha. Hakuna ajuaye kwa hakika kilichowaondoa, alisema Mistri, ila mafundi wanajua walianza kuondoka lini. Na kwa Mistri, kibarua aliyebandua kilicholazwa na mwenzake hakukatwa mshahara wala kufukuzwa, alikitengeneza upya kwa mkono wake na kukaa nacho hadi kikomae, hata kama kwake kuna harusi au msiba.

Tarehe 22 Desemba 1956 marehemu alifunga ndoa na Triza, huyu mjane wetu, wakajaliwa watoto wanne, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, wakabaki Patrobas wa 1958 na Ayuma wa 1961, ambaye ni karani wa reli na ndiye aliyetuwezesha kubaki kwenye nyumba hii baba yake alipostaafu tarehe 31 Machi 1986. Katika mwaka 1972, kwa ruhusa ya msimamizi na kwa muda wake mwenyewe, marehemu alifinyanga mifuniko kumi na minne ya zege kwa ule mtaro wa nyuma, kila mmoja kwa kipimo cha Mistri, na zege likiwa bichi alichora kwa msumari ng'ombe wa pembe moja, kama yule wa kwenye mihuri ya wachuuzi wa Harapa, kisha alipoilaza aliigeuza, alama ikatazama maji, akisema anayepaswa kuiona ni yule atakayeunyanyua. Kwa miaka ishirini na mitano, kila Jumamosi, alifungua mfuniko mmoja, akazoa tope, akaufunga. Vijana wa hapa, mko hapo nyuma nawaona, mlikuwa mkimwita, "Niaje, Inspekta wa Mavi!" naye, Mchungaji nisamehe, alikuwa akijibu, "Poa, nimekuja kukagua yako."

Jumapili tarehe 17 Agosti 1997, sisi sote tukiwa kanisani, mifuniko kumi na minne iling'olewa na kupakiwa kwenye mkokoteni. Aliyechagua saa ile alisahau kwamba si kila mtu wa Makongeni huenda kanisani. Mama Raho, jirani yetu Mwislamu, alikuwa mlangoni akichambua mchele, akamuuliza Patrobas, "Unapeleka wapi kazi ya mzee?" akajibiwa, "Inaenda kurekebishwa, Mama, yeye mwenyewe amenituma," na Mama Raho akaamini, kwani nani angedhani vingine kuhusu mtoto wa mwenyewe.

Mwezi uliofuata Patrobas alifungua bucha Donholm, sakafu ya mawe tambarare, inaoshwa kwa ndoo moja, akatualika tuibariki. Hakukosa vya kununulia sakafu, alikosa subira. Marehemu alisimama mlangoni, akainama, akapima kizingiti kwa shubiri, unene, upana, urefu, akanyooka, akaniambia mimi peke yangu, "Dada, tumefika tabaka la juu." Nyama hakuila. Mwanawe hakumwambia neno, na hilo ndilo kosa la ndugu yangu, nalisema mbele ya jeneza lake, aliona haya badala ya kuona hasira, akarudi nyumbani akafunika mtaro kwa mbao na mabati mabovu.

Kisha ikaja mvua hii ya Elnino, ambayo hata leo mnaiona imejikunja kule juu inatusubiri. Bati la kwanza lilienda na maji Oktoba, tope likaingia, taka zikaingia, na Ijumaa tarehe 14 Novemba maji meusi yakapanda hadi kwenye vizingiti vyetu, marehemu, mzee wa miaka sitini na sita, akaingia mtaroni hadi kiunoni akaung'oa uchafu kwa mikono, bati likamchana mguu. Maji yakashuka, yeye akapanda kitandani. Homa ilianza baada ya wiki moja, macho yakawa manjano, tarehe 9 Desemba akalazwa, figo zikachoka, na tarehe 3 Januari alinishika mkono wodini akaniambia yote aliyoyapima kwenye kizingiti cha bucha, akaomba jambo moja tu, mifuniko irudi mahali pake kabla yeye hajaingia ardhini. Alifariki Jumatatu tarehe 2 Februari 1998, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wazee wenzake wa reli waliotuchangia, Ayuma aliyelala kwenye benchi la hospitali, na Mama Raho aliyetupikia siku zote hizi, na aliyesema alichokiona mbele ya kikao cha ukoo huku akimtazama Patrobas usoni.

Kikao kilimpa Patrobas muda wa kuirudisha mifuniko hadi asubuhi ya leo, Ijumaa tarehe 6 Februari. Alibomoa sakafu ya bucha kwa mtaimbo, akaleta mifuniko kumi na mitatu, amekwisha kuilaza, ng'ombe wakitazama chini. Wa kumi na nne ulimpasukia mkononi. Alikuja kwangu akilia, akasema, "Senge," ndivyo kwetu tunavyomwita shangazi, "nitaweka mbao kwa sasa, nikitoka mazishini nitatengeneza," nikamwambia mbao tumeshaziona. Kwa hiyo anakoroga zege, na zege jipya linataka kunyweshwa maji siku saba kabla halijakanyagwa, na shimo lililo wazi linataka mtu wa kulikalia watoto hawa wasitumbukie.

Pumzika, Bwire, mdogo wangu, umefanya kazi ya kutosha, tunakupeleka nyumbani kwa amani.

Basi la Nambale linaondoka saa nane. Kesho udongo wa kwanza, ambao ni haki ya mwana wa kwanza, utatupwa na Ayuma. Msikilizeni, sepetu imenyamaza. Nimemwachia msumari wa baba yake kwenye ukingo wa shimo, na hajui kumchora yule ng'ombe, kwa sababu Jumamosi zote zile hakuwahi kuja kutazama.