Migomba Isiyo na Nyumba

Mheshimiwa Kanali, Baba Padri uliyetuazima ukumbi huu, Papa Adjudanti Stanislas na Maman Micheline, wenye sherehe, ndugu wageni waalikwa, na ninyi bamama wenzangu wa atelye, karakana yetu ya kufunga nyavu za kuficha magari: naanza kwa kuomba msamaha. Niliombwa hotuba hii tangu Pasaka, nami nikakawia kuiandika. Mutoto wa tatu aliota meno, wa pili akashikwa na surua, na kila niliposhika kalamu nilisinzia juu ya karatasi. Nimeimaliza leo asubuhi, uji ukichemka. Mkiona doa hapa, ni uji.

Naitwa Joviale. Mume wangu Thierry anaendesha lori la jeshi, na lori hilo linalala chini ya wavu niliofunga mimi kwa vidole hivi. Ndiyo maana nitasema kwa upole, na ndiyo maana sitakaa chini kabla sijamaliza.

Papa Stanislas, kwa miaka thelathini na mmoja umeficha watu na magari yao wasionekane. Leo unastaafu, na wengi watakusifu kwa yale unayoyajua. Mimi nataka kukusifu kwa ile siku uliyokosea.

Bamama, mnaikumbuka? Alituita wake wa askari, kumi na mmoja, akatupandisha kilima karibu na Nyangezi, watoto wakiwa mgongoni. Akanyoosha mkono ng'ambo ya bonde.

"Kule kuna kamyo moja, lori nimeificha. Adui iko na ndege ya kupiga picha, ninyi muko na macho tu. Muitafute mupaka saa sita."

Hatukupata hata nafasi ya kuweka watoto chini. Maman Domitille, ambaye amelima Walungu tangu utoto wake, alisema, "Iko pale, kwa ile migomba."

"Umejuaje, maman?"

"Papa, ile migomba haina nyumba. Nani anapanda migomba katikati ya mihogo, mbali vile? Mwenyewe analala wapi? Kasiksi yake, ile pombe ya ndizi, anakunywa na nani?"

Tulicheka mpaka watoto wakaamka. Kwetu migomba inaizunguka nyumba. Ukiona migomba, tafuta moshi na mlango. Papa Stanislas alizaliwa mbali, kando ya mto mkubwa, angejuaje? Alikuwa amekata majani mazuri kuliko yote ya kilima kile, akalivika lori kama bibi harusi, na mwanamke mmoja wa jembe akalivua kwa maswali matatu.

Ndugu wageni, mkubwa mwingine angefanyaje? Si angetufukuza? Si angesema wanawake wanaelewa nini mambo ya jeshi? Yeye alivua kofia, akakaa kwenye nyasi kati yetu, akasema, "Basi munifundishe."

Ndipo atelye ikaanza. Tulichukua nyavu zilizochakaa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, tukafunga juu yake vipande vya magunia, katani, hata nguo za watoto zisizovalika tena, fundo kwa fundo, kila wavu na rangi ya kilima chake. Askari tukawashonea makoti ya maganda ya mahindi na majani ya mihogo, yasiyo na bega wala kiuno, maana jicho linatafuta bega kwanza. Hilo alitufundisha yeye.

Baada ya miezi minne akatupeleka tena. Safari hii lori lilifichwa kwenye kilima kilekile tulichosimama. "Muitafute." Tulitafuta asubuhi nzima. Sisi tulioufunga ule wavu wenyewe, tulitafuta. Mutoto wangu akakojoa, nikasuuza kitambaa chake kwenye mfereji, nikakitandaza juu ya kichaka kikauke.

Kichaka kikasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Maman, pole. Unanifunika macho."

Sijui niwaelezeje. Kichaka kilisimama, kikawa kijana, na kitambaa cha mutoto kichwani. Nyuma yake shamba la mihogo nililokuwa nimelitazama tangu asubuhi likainuka, likawa watu sita. Kisha ule ukingo wa udongo mwekundu, tulioegemea kula viazi vyetu, ukawashwa moto, ukanguruma. Lilikuwa lori. Usukani alishika Thierry, baba ya watoto wangu, ambaye alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu akisikia kila neno nililomsema.

Hatukucheka siku ile. Maman Domitille alipiga alama ya msalaba. Nami niliwaza: basi mtu wangu anaweza kurudi nyumbani.

Mheshimiwa Kanali, hapo nafika kwenye ombi langu. Nyavu zetu ni za wakati wa mvua. Mwezi wa sita unaingia wiki kesho, na milima itakauka iwe na rangi ya ngozi ya ng'ombe. Lori la Thierry bado limevaa kijani. Kila mwaka Papa Stanislas alipanda pikipiki yake akatutafutia vifaa mwenyewe. Mwaka huu anakwenda kupumzika, anastahili, na hakuna aliyetuambia nani atakwenda badala yake. Kijani juu ya kilima kikavu ndiyo ile migomba isiyo na nyumba. Na anayetazama sasa si Maman Domitille.

Papa Stanislas, Maman Micheline, Mungu awape usingizi mrefu. Nanyi nyote, aksanti kwa kunivumilia na uji wangu. Tunaobaki tunahitaji hivi vitumwe kabla ya Jumamosi: nyavu kuukuu za sambaza, nane. Magunia matupu, yale ya katani, si ya plastiki kwa sababu yanang'aa, sitini. Sindano kubwa za kushonea magunia, ishirini. Maganda ya mahindi makavu, kadiri mtakavyopata. Na mfuko mmoja mdogo wa udongo wa pale Thierry anapolala. Najua haruhusiwi kuniambia ni kilima gani. Asiniambie. Atume udongo tu, rangi yake nitaisoma mwenyewe.